Dohani isafishwe kila baada ya muda gani? Mwongozo kwa wenye meko na majiko ya kuni

Baridi ikianza kubisha hodi Limuru, Nanyuki, Lushoto, Mufindi na Makete, maswali huwa ni yale yale. "Nimepanga nyumba yenye meko, dohani haijaguswa miaka, naweza kuwasha tu?" "Mara moja kwa mwaka inatosha?" "Fundi kasema kuni za mpaina zinaharibu dohani, ni kweli?" Nimeyakusanya hapa yote, pamoja na namna ya kuifanya kazi yenyewe, kwa sababu huku kwetu wafagiaji wa dohani ni wa kutafuta kwa tochi, na mara nyingi kazi inakuangukia wewe mwenye nyumba na fundi wa mtaani.

Jibu la haraka

Kagua dohani angalau mara 1 kila mwaka, hata kama hujawasha moto. Safisha kila masizi yanapofikia unene wa milimita 3 mahali popote ndani yake. Kipimo hicho cha milimita 3 ndicho wanachokitumia wafagiaji wenye mafunzo, na kina sababu: masizi yakifika hapo, yakishika moto yanatosha kupasua dohani.

Ukitaka makadirio ya kuanzia:

- Meko ya sebuleni yanayowashwa wikiendi au wageni wakija: mara 1 kwa mwaka.
- Moto wa kila jioni kuanzia Juni hadi Agosti: mara 2, kabla ya msimu na katikati yake.
- Nyumba ya mlimani inayowasha moto karibu mwaka mzima: kila baada ya miezi 3. Uingereza nako, anayechoma kuni hushauriwa kusafisha hadi mara 4 kwa mwaka.
- Jiko la kuni la kupikia kila siku, lenye bomba jembamba: kagua kila wiki 2, na tarajia kusafisha kila mwezi.
- Meko ya gesi au mkaa: mara 1 kwa mwaka. Masizi ni machache, ila kiota cha ndege hakijali unachoma nini.

Wasomaji mlioko Ujerumani mna utaratibu wenu. Kule sheria inamlazimu mwenye nyumba, na mfagiaji wa eneo ndiye anayekuandikia ni mara ngapi, kati ya 1 na 4 kwa mwaka kulingana na matumizi. Msifanye wenyewe mkadhani mmemaliza wajibu.

Kidogo kuhusu masizi

Moshi wa kuni hubeba mvuke wa maji na mafuta ya kuni ambayo hayakuungua. Ukipanda na kukutana na ukuta wa dohani uliopoa, chini ya nyuzi 120 hivi za Selsiasi, unaganda hapo. Ndiyo kreosoti. Kwanza huwa unga mweusi unaofutika kwa kidole. Ukiendelea kuchoma kuni mbichi huwa magamba meusi yanayokatika. Mwisho huwa ukoko mgumu unaong'aa, ambao brashi inapita juu yake bila kuutoa.

Kwa hiyo hesabu ya mara ngapi inaanzia kwenye rundo la kuni. Mti uliokatwa leo unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji, na kuni za kuchoma zinatakiwa ziwe chini ya asilimia 20. Hapo ndipo lile suala la mpaina linapojibika: mpaina uliopasuliwa na kukaushwa vizuri ni salama kwa dohani kuliko muwati au mkaratusi ulioangushwa mwezi uliopita. Utomvu wa mpaina unasingiziwa makosa ya maji.

Andaa vitu hivi kabla hujaanza

- Brashi ya dohani inayolingana na umbo na upana wa njia ya moshi. Njia ya mraba haisafishiki kwa brashi ya duara, pembe zitabaki. Waya mgumu kwa dohani ya matofali, nailoni kwa bomba la chuma.
- Fimbo za kuunganisha, au kamba imara yenye urefu wa dohani mara mbili na uzito wa kilo 2 au 3.
- Tochi kali na kioo kidogo.
- Biti ya drili ya milimita 3 na msumari mrefu. Ndiyo mizani yako.
- Turubai 2 au mashuka makuukuu, na utepe wa gundi wa kubandikia.
- Ndoo ya chuma yenye mfuniko. Ya plastiki hapana.
- Barakoa ya vumbi ya daraja la N95 au FFP2, miwani ya kukinga macho, glavu, na nguo ya mikono mirefu.
- Ngazi, kamba ya kujifungia, na mtu wa pili.

Barakoa isiachwe kwa kisingizio kwamba kazi ni ya nusu saa. Mwaka 1775 daktari Percivall Pott wa London alionyesha kuwa masizi ndiyo yaliyokuwa yakiwaletea wafagiaji wa dohani saratani ya ngozi, wengi wao wakiwa wameingizwa kazini tangu utotoni. Masizi ni yale yale hadi leo. Mtoto asishirikishwe kwenye kazi hii, hata kushika ndoo tu.

Hatua za kusafisha dohani ya meko ya sebuleni

1. Chagua wakati. Mwezi wa tano, masika yakiisha na kabla baridi haijashika, ni muafaka: paa limekauka. Moto uwe umezimwa angalau saa 24, na majivu yametolewa yote. Kaa la moto hukaa hai ndani ya majivu kwa siku kadhaa, kwa hiyo yatie kwenye ile ndoo ya chuma, funika, weka nje mbali na ukuta wa mbao.

2. Sikiliza kwanza. Ingiza kichwa mekoni, nyamaza dakika nzima. Kama kuna mvumo, acha kila kitu. Ni nyuki, na kwa nyuki wetu hawa hutaki kuwa juu ya paa wakitoka. Nimeandika la kufanya huko chini.

3. Fungua kibamba cha chuma kinachoziba njia ya moshi, mulika kwa tochi huku kioo kikiwa kimeinamishwa. Unapaswa kuona mwanga wa mbinguni juu. Usipouona na dohani haina kona, kuna kitu kimeziba. Kama dohani imepinda, utakagua sehemu ya juu ukiwa paani.

4. Pima. Hapa ndipo wengi wanapokadiria kwa macho wakakosea, kwa sababu masizi meusi ndani ya shimo jeusi hayaonyeshi unene wake. Kwaruza mfereji mfupi kwa ncha ya msumari mpaka uguse tofali au chuma. Laza biti ya milimita 3 ndani ya mfereji huo. Ikiwa imezama, usawa wake ukawa sawa na uso wa masizi au chini yake, muda wa kusafisha umefika. Ikiwa imechomoza, bado. Pima sehemu 3: juu tu ya kibamba, kwenye kona kama ipo, na karibu na mdomo wa juu. Sehemu ya juu ndiyo inayopoa zaidi, na ndiyo inayobeba masizi mazito. Kukagua kwa chini peke yake ni kujidanganya.

5. Angalia aina ya masizi. Unga na magamba, endelea. Ukoko unaong'aa, simama hapo. Usiutwange kwa nyundo wala patasi, utavunja kuta za ndani za dohani. Huo unahitaji fundi mwenye vifaa vya kuulegeza, na meko yasiwashwe mpaka autoe.

6. Funika sebule. Turubai moja litandikwe sakafuni, la pili libandikwe kuzunguka mdomo wa meko bila kuacha upenyo. Zima feni, funga madirisha upande wa upepo. Vumbi la masizi likishaingia kwenye kochi la kitambaa halitoki.

7. Panda paani kama paa ni kavu na hakuna upepo. Kwenye mabati, kanyaga palipo na mstari wa misumari, kwa kuwa chini yake kuna papi ya mbao. Katikati ya bati hapana kitu. Vigae vilivyoota kuvu huteleza hata jua likiwaka. Jifunge kamba, na mwenzako ashike ngazi. Paa kali, au nyumba ya ghorofa, fanyia kazi kwa chini kwa fimbo za kuunganisha, au lipa fundi. Dohani safi haina thamani ya mguu uliovunjika.

8. Ondoa kofia ya dohani, safisha wavu wake. Mara nyingi malalamiko yote ya moshi yanatokana na wavu huo ulioziba. Kisha ingiza brashi juu, shuka nayo taratibu ukiivuta na kuirudisha, karibu nusu mita kila mara, mpaka chini. Usiruke sehemu. Anayetumia kamba afunge uzito chini ya brashi ili imalize urefu wote. Anayesukuma fimbo kutoka chini azizungushe upande mmoja tu, wa kukaza. Ukizungusha kinyume, fimbo inafunguka na brashi inabaki katikati ya dohani.

9. Subiri dakika 20 au 30 vumbi litulie kabla ya kufungua turubai la chini. Watu wengi huharibu hapa, wana hamu ya kuona lundo.

10. Safisha kijirafu kilicho nyuma ya kibamba. Masizi mengi huangukia pale na hayaonekani ukiwa umesimama. Tia mkono wenye glavu, kombea yote. Ukipaacha, kibamba hakitafunguka sawasawa, na masizi hayo yapo karibu kabisa na ndimi za moto.

11. Kagua kuta ukiwa na tochi: nyufa, saruji iliyodondoka kati ya matofali, kipande cha bomba la udongo kilichovunjika. Ufa unaopitisha moto kwenda kwenye mbao za dari ni hatari kuliko masizi. Palipo na ufa pasiwashwe moto mpaka pazibwe na fundi.

12. Rudisha kofia. Jaribu kwa gazeti moja lililokunjwa: moshi upande moja kwa moja bila kusita. Andika tarehe na unene uliopima kwenye karatasi, bandika ndani ya kabati. Mwaka kesho karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia kwa uhakika kama nyumba yako inahitaji mara 1 au 3.

Jiko la kuni la jikoni

Hapa kazi ni nyepesi ila inarudi haraka, maana bomba lenyewe mara nyingi lina upana wa sentimita 10 hivi. Masizi ya sentimita 1 kuzunguka ukuta wake yamekwisha kula zaidi ya theluthi ya njia ya moshi. Mama anaanza kukohoa, jiko linakula kuni nyingi, chai inachelewa, na watu wanalaumu kuni.

1. Jiko likipoa kabisa, tia alama kwa chaki kwenye maungio ya bomba ili urudishe kila kipande mahali pake.
2. Toa vipande, vibebe nje vikiwa vimefunikwa mfuko kwenye mdomo wa chini.
3. Gonga polepole kwa kijiti, kisha pitisha brashi. Kama huna, fungia kitambaa cha gunia kwenye mti mrefu hadi kijae ndani ya bomba. Usipitishe fito lenye ncha, linatoboa.
4. Bonyeza bomba kwa kidole gumba sehemu za maungio. Linalobonyea limeliwa na kutu, badilisha.
5. Komba masizi chini ya sahani za jiko na kwenye njia ya kuelekea bomba. Brashi ya dohani haifiki huko.
6. Rudisha, ziba maungio, washa moto mdogo na uangalie kila ungio kama linavuja moshi.

Makosa yanayorudiwa

Wapo wanaoshauri kuwasha moto mkubwa makusudi ili masizi yaungue yenyewe. Huo ni moto wa dohani uliouita mwenyewe. Masizi yakishika hufikia nyuzi 1,000 na zaidi, matofali hupasuka, na mbao za paa huanza kuungua mahali usipopaona. Vivyo hivyo kumwaga mafuta ya taa, au kumwaga maji juu ya dohani yenye moto: tofali likipoa ghafla linapasuka.

Chumvi, maganda ya viazi na vile vigogo vya dukani vya kusafishia dohani haviondoi masizi. Vigogo vinaweza kuyakausha yalegee, lakini brashi lazima ipite.

Kosa jingine ni kufinya hewa usiku ili moto ukeshe ukifuka. Unaamka na makaa, kweli, lakini moshi ule mzito na wa baridi ndio unaopaka kreosoti kuliko kitu chochote. Moto mdogo mchangamfu ni bora kuliko mkubwa uliobanwa.

Na lile ninalowaomba watu kila mwaka: dohani ikiziba, msihamishie jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu kwa watu zaidi ya mmoja humo ndani ni dalili ya kutoka nje mara moja. Kengele ya kuitambua hewa hiyo inauzwa, na nyumba yenye meko inapaswa kuwa nayo.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Moshi unarudi sebuleni.* Fungua dirisha kidogo. Ukikoma, nyumba imezibwa mno na moto unakosa hewa. Usipokoma, angalia kibamba, wavu, kisha masizi. Kama vyote ni safi, shuku ujenzi. Mdomo wa dohani uwe juu ya paa walau sentimita 90, na uzidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, pamoja na paa lenyewe. Njia ya moshi ya mraba iwe walau sehemu 1 ya 10 ya mdomo wa meko: meko ya sentimita 90 kwa 75 yanataka njia ya kama sentimita 26 kwa 26. Mafundi wengi hujenga meko mapana ya kupendeza na dohani ya kubania, na hapo usafi peke yake hautakusaidia.

*Harufu kali ya masizi mvua ikinyesha.* Masizi yamelowa. Safisha, kisha weka kofia kama haipo.

*Michirizi ya kahawia au nyeusi ukutani.* Kuni mbichi, au maji yanaingia juu. Gonga vipande 2 vya kuni: vikavu hulia wazi na vina nyufa kwenye ncha, vibichi hutoa mlio mzito. Pasua, panga juu ya magogo penye upepo, funika juu tu, acha miezi 6 hadi 12. Mkaratusi upe mwaka mzima.

*Magamba meusi yanaanguka mekoni.* Usingoje tarehe. Pima leo.

*Nyuki.* Usiwafukize kwa moto wa meko. Nta inayeyuka, inashuka na kuwaka. Ita mrina asali jioni, na masega yatolewe yote, kwani yakibaki kundi jingine litaingia. Wavu hauwazuii nyuki vizuri: wenye matundu madogo ya kuwazuia utazibwa na masizi kwanza.

*Bundi au mbayuwayu wenye makinda.* Subiri makinda yaruke, kisha safisha na uweke wavu wenye matundu ya sentimita 1 au zaidi kidogo. Nyumba ya makuti au nyasi isiwashe moto hata siku moja bila wavu huo, kwa ajili ya cheche.

*Dohani inanguruma kama lori linalopanda mlima, cheche zinatoka juu.* Ni moto wa dohani. Toa watu wote nje kwanza. Kama unaweza bila kujihatarisha, funga kibamba au mlango wa jiko ili kukata hewa. Piga 114 Tanzania, 999 au 112 Kenya. Zimamoto wakichelewa, lowesha paa linalozunguka dohani ukiwa chini, si dohani yenyewe. Hata moto ukizimika wenyewe, usiwashe tena mpaka mtu anayejua aingize tochi na kukagua urefu wote, kwa sababu moto wa kwanza huacha nyufa, na wa pili hupitia humo.

*Fundi anasema amemaliza.* Mwombe akuonyeshe ndani kwa tochi na kioo, na akuonyeshe masizi aliyoyatoa. Dohani iliyokuwa na milimita 3 haiwezi kutoa kikombe kimoja cha unga.